Paa la Pesa za Mizani

Mji Mkongwe, Unguja
8 Septemba 2023

Shangazi yangu Mosi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na kuku wako na majirani zako wa Ihanja, Belinda na Mzee Simeoni. Mimi huku sijambo. Joto limeanza mapema. Dukani kazi ni nyingi, wageni hawakatiki, na jana tu Mwitaliano mmoja alinunua vinyago vitatu bila kubishana bei. Binti yangu Rukaya yuko darasa la pili na anasoma vizuri.

Nina jambo dogo, Shangazi. Unakumbuka nilipokuwa darasa la nne nikapanda juu ya paa la babu kufuata mpira, ukanishusha kwa fimbo? Kabla hujanishusha niliona kwamba chini ya kichwa cha kila msumari kuna sarafu ya shaba. Karibu zote zina picha ya mizani. Sasa nazijua: ni pesa za hapa Unguja, za wakati wa Sayyid Barghash. Huku zipo tele, wageni wanazinunua za kuning'iniza shingoni. Hizo sizitaki.

Lakini upande wa jikoni, karibu na ukingo, niliona moja iliyo kubwa kidogo, yenye mnazi. Hiyo ni senti kumi ya mwaka 1908. Mzee Abdulmajidi, muuza vitu vya kale wa mtaani kwetu, anasema zilitoka chache, na nyingi katika hizo zikarudishwa zikayeyushwa. Yuko mtu ng'ambo anaitafuta kwa udi na uvumba. Nikiipata, nafungua duka langu mwenyewe.

Naomba utafute fundi aing'oe, apigilie msumari wa kawaida, kisha unitumie kwa basi. Usimwambie mtu. Ningekupigia simu, lakini najua simu yako inachajiwa dukani kwa Simeoni na hupokelewa na yeyote aliye karibu.

Mwanao,
Anuari

*

Ihanja
2 Oktoba 2023

Mwanangu Anuari,

Marahaba. Barua yako ilifika Singida mjini ikakaa huko mpaka Belinda alipokwenda kuuza vitunguu, ndiye aliyenichukulia. Sisi ni wazima. Kuku wawili wamekufa kwa kideri, waliobaki wanataga. Simeoni anaumwa mgongo na anamweleza kila mtu. Msalimie sana mkeo Saada. Hajambo? Mwambie nimemwekea mafuta ya alizeti.

Umefanya vizuri kuandika. Mimi simu naitumia kwa salamu na misiba. Kwa jambo lenye uzito siitaki, kwa sababu kwenye simu mtu akikosa jibu anasema mtandao mbaya.

Habari ya paa ni hivi. Marehemu babu yako Kitwana alirithi mfuko wa pesa hizo kwa baba yake, aliyekuja bara na bidhaa kutoka pwani. Wakati anajenga nyumba hii zilikuwa hazinunui hata kiberiti. Alinunua bati na misumari, akasahau washa za kuwekwa chini ya vichwa vya misumari. Mama akamwambia, "Rudi mjini ukanunue." Baba akasema, "Pesa ninazo ndani." Akazitoboa moja moja na kuzipigilia. Mama hakuzungumza naye mpaka paa likaisha. Halijavuja hata siku moja, na hilo nalo lilimuudhi.

Kung'oa msumari mmoja kwenye bati kuukuu ni kuwaamsha wote. Ukiitaka hiyo yenye mnazi, njoo uichukue mwenyewe. Hujaja tangu tumzike baba yako.

Nakuuliza jambo moja. Huyo mtu wa ng'ambo anajua kwamba imepitishwa msumari katikati?

Shangazi yako,
Mosi

*

Mji Mkongwe
4 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na pole kwa kuku. Mpe Mzee Simeoni pole ya mgongo.

Kuja siwezi kwa sasa. Huu ndio msimu wa wageni. Wiki hii tumepokea Wafaransa kundi zima, na mmoja amerudi mara tatu kuulizia mlango wa kuchongwa. Tajiri wangu hawezi kunipa ruhusa.

Nimechora sarafu yenyewe nyuma ya karatasi hii ili fundi aitambue. Mnazi uko katikati, na maandishi yanauzunguka. Gharama ya fundi nitalipa. Kama yupo mtu mwaminifu, apande aangalie tu, asing'oe kitu, kisha uniambie ipo au haipo. Mzee Abdulmajidi ananiuliza kila siku.

Rukaya ameng'oka meno mawili ya mbele.

Anuari

*

Ihanja
27 Novemba 2023

Mwanangu Anuari,

Marahaba. Tuko salama. Mvua za kwanza zimenyesha na watu wako mashambani. Belinda amepata mjukuu wa kike. Saada hajambo? Barua iliyopita nilikuuliza, naona ulisahau.

Fundi nimempata. Anaitwa Mzee Alute, anakaa Mkiwa, kwao hasa ni upande wa Itigi. Alikuwa seremala wa reli mpaka alipostaafu. Mke wake alishatangulia mbele ya haki. Alikuja asubuhi na ngazi yake mwenyewe juu ya baiskeli, akapanda, akakaa juu muda mrefu, akashuka akasema zote anazoziona ni mizani, ila upande wa jikoni zimepakwa lami na hawezi kusema ni nini. Nikampa chai.

Siku ya pili alirudi kuangalia kama lami inakwanguka. Haikukwanguka. Alikula ugali na mlenda.

Juzi alikuja tena kuangalia kama ile lami imelainika kwa jua. Nikamwambia jua halijatoka tangu Jumatatu. Akasema ndiyo maana amekuja, kuhakikisha. Ni mtu mwangalifu sana. Malipo amekataa.

Anashauri tusiguse kitu mpaka mvua ziishe. Nami nakushauri uje. Lipo na jambo jingine linalokuhitaji, lakini si la kuandika.

Hukunijibu habari ya tundu la msumari.

Shangazi yako,
Mosi

*

Mji Mkongwe
15 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa Belinda.

Shangazi, huyu Alute ni nani? Mtu anapanda paa mara tatu, hataki malipo, na wewe huoni kitu? Huku mjini tunawajua watu wa namna hiyo. Anataka ile senti. Huenda ameshaiona na anangoja uende sokoni. Tafadhali usimruhusu kupanda tena. Na ngazi isilale kwako.

Tundu la msumari si tatizo kubwa. Nimeulizia.

Saada hajambo, anakusalimu sana na anashukuru kwa mafuta. Tupo wote, tunaendelea vizuri.

Anuari

*

Kwa Belinda, Ihanja
19 Januari 2024

Mwanangu Anuari,

Marahaba. Nashukuru kwa salamu za Saada.

Sisi tupo. Mvua ni nyingi mwaka huu. Kuku wamebaki wanne. Naandika nikiwa kwa Belinda kwa sababu ana meza nzuri. Mwandiko ukiuona umepinda, ni kwamba karatasi haina wa kuishikilia.

Mzee Alute hajapanda paa. Nimetii ulivyotaka.

Sina mengi.

Mosi

*

Mji Mkongwe
6 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuwa sokoni Darajani nikakutana na kijana wa kwetu, Peniel, ameleta vitunguu kutoka Singida. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema mwezi uliopita upepo uliezua nyumba Ihanja, na moja ni ile ya zamani iliyo karibu na barabara, ya yule mama wa kuku.

Shangazi, paa liko wapi? Zile sarafu zimeokotwa? Nani ameziokota? Isije kuwa ni Alute.

Na wewe uko salama? Karatasi haina wa kuishikilia, maana yake nini? Mkono wako una nini? Kwa nini hukuniambia?

Niandikie upesi. Mpe dereva wa basi, yupo mtu Dar atakayeipokea aniletee kwa boti.

Anuari

*

Kwa Belinda, Ihanja
24 Februari 2024

Mwanangu Anuari,

Marahaba. Umeuliza sarafu kwanza, halafu ukauliza mimi. Nitajibu kwa utaratibu wako.

Paa lilikuwa kwenye mtama wa Simeoni. Ilikuwa mchana, nimetoka kuswali adhuhuri. Mbingu ya upande wa magharibi ikawa nyeusi kama sufuria, kuku wakaingia ndani wenyewe bila kuitwa. Nikasikia bati linapiga makofi. Belinda akapiga kelele kutoka kwake, "Bi Mosi, toka nje!" Nikamjibu, "Nitoke niende wapi, huko nje ndiko upepo uliko!" Sikumaliza. Paa lilinyanyuka upande wa jikoni, likajifunua kama mtu anavyofunua shuka, likaenda. Boriti moja ikaniangukia. Nilivunjika mkono wa kushoto. Singida mjini wamenifunga hogo la plasta, na daktari anasema mfupa unaunga vizuri kwa umri wangu. Sikumuuliza umri wangu anaujuaje.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka nione utaulizia nini kwanza. Sasa nimeona, na sikukasirika. Nilihuzunika kidogo, yakaisha.

Sarafu ziliokotwa. Mzee Alute alisikia habari Mkiwa akaja kwa baiskeli mvua ikinyesha. Alinifunga mkono kwa kanga na vipande viwili vya ubao, akanipeleka mpaka barabarani, akasimamisha lori. Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta anatembea katika mtama wa Simeoni ameinama. Alikuwa ameokota sarafu na kuzitia kwenye kofia yake. Nikamwambia, "Yule mwanangu anasema wewe unataka kuiba senti yake." Akasema, "Mwambie ipo." Akanionyesha. Ameisugua kwa ndimu na majivu. Ina mnazi. Na msumari wa baba umepita katikati ya shina.

Akanikabidhi. Kisha akasema, "Bi Mosi, paa lako nimelikagua mara nyingi kuliko lilivyohitaji."

Nikamwambia, "Hilo nimeliona."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Nilikuwa nataka nihamie chini yake."

Nikamwambia, "Chini ya nini, mzee? Paa si hili tunalolikanyaga?"

Akasema atalijenga upya. Nikamwambia hiyo ndiyo iwe mahari: bati mpya, na misumari yenye washa za dukani. Akakubali papo hapo. Labda ningetaja na dari.

Tulikwenda kwa sheikh. Akaniuliza, "Walii wako wa kukuoza ni nani?" Baba yangu hayupo. Kaka yangu, baba yako, hayupo. Upande wa baba hakubaki mwanamume ila wewe. Sheikh akasema unaweza kumfanya mtu wakili wako kwa barua. Nikamwambia hapana, atakuja mwenyewe. Hilo ndilo jambo ambalo sikutaka kuliandika. Mwanamke wa umri wangu hamwandikii mtoto wa kaka yake kwamba ameposwa. Lakini sasa nimeandika, na Belinda anachekea jikoni.

La mwisho. Saada alinipigia simu mwezi wa nane mwaka jana, kabla hujaniandikia barua ya kwanza. Alikuwa ameshafika kwao Wete na Rukaya. Aliniambia duka ulilokuwa unafanya kazi lilifungwa tangu mwezi wa pili, na wewe ukaendelea kuvaa shati la kazi kila asubuhi na kutoka. Akasema, "Shangazi, sikuondoka kwa sababu hana kazi. Kwetu hakuna mwenye kazi. Niliondoka kwa sababu kila jioni alinisimulia wateja ambao hawapo."

Nikakaa nangoja uniambie wewe. Ukaniletea Mwitaliano. Ukaniletea Wafaransa kundi zima. Halafu ukaniletea salamu za Saada.

Senti yako ipo, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Haitapanda basi. Njoo.

Shangazi yako,
Mosi

*

Mji Mkongwe
14 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana kwa mkono. Ramadhani njema.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Niliandika majibu nikayachana, kwa sababu kila nikianza najikuta nakueleza habari za msimu wa wageni.

Hakuna duka. Nabeba mizigo bandarini siku inapopatikana, na siku isipopatikana nakaa kibarazani kwa Mzee Abdulmajidi, anaponichoka naondoka.

Mwambie Mzee Alute namwomba radhi. Nitakuja baada ya Idi.

Anuari

*

Wete, Pemba
11 Juni 2024

Shangazi yangu Mosi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mzee Alute. Natumaini mkono umenyooka, na kwamba paa jipya halipigi kelele mvua inaponyesha. Najua alizeti zinavunwa sasa, msalimie Belinda na umwambie mzigo wake wa mafuta ulifika bila kumwagika ila kidogo.

Siku ya ndoa niliondoka haraka kuwahi basi, sikupata nafasi ya kukusimulia yaliyotokea upande wa wanaume. Wewe ulikuwa ndani na akina mama, hukuona. Sheikh alinikalisha mbele ya Mzee Alute, magoti kwa magoti, akatushikisha mikono. Mkono wake ulikuwa na jasho. Nikamnong'oneza, "Mzee, vipi?" Akasema, "Ngazi sijawahi kuiogopa, hiki nakiogopa." Kisha sheikh akaniambia niseme maneno, nimuoze shangazi yangu Mosi binti Kitwana. Nilisema nusu, nikakwama. Watu wakadhani nimesahau. Simeoni akanikumbusha kwa nguvu, mgongo wake ukiwa mzima kabisa siku hiyo. Sikuwa nimesahau. Ni kwamba tangu nizaliwe sikuwahi kupewa jambo la mtu mzima namna ile, na aliyenipa alikuwa anajua habari zangu zote.

Mzee Alute alipojibu "Nimekubali" alijibu kabla sijamaliza, ikabidi turudie.

Nikarudi Unguja na senti. Mzee Abdulmajidi akaiweka chini ya kioo chake, akaigeuza, akavua miwani.

"Ni yenyewe," akasema. "Nani aliupiga mnazi huu msumari?"

"Babu yangu."

"Alikuwa na shabaha. Angekosea kidogo tu, leo tungezungumza." Akanieleza kwamba yule mtu wa ng'ambo hataki yenye tundu, na kwamba alishaniambia hivyo mwezi wa kumi. Ni kweli, alishaniambia. Akaichukua yeye mwenyewe aiweke dirishani. Alichonipa kilitosha nauli ya boti ya kuja huku na gauni la Rukaya. Nikapanda boti siku ya pili yake, kwa sababu nilijijua, ningekaa wiki ningepata sababu.

Nilifika Wete saa za mchana. Baba yake Saada alikuwa ameanika karafuu uani, akaniitikia salamu, akaendelea kuzigeuza. Rukaya alinichungulia akakimbia kwa bibi yake. Meno yameota. Gauni halimtoshi, amekua.

Saada alitoka na ungo mkononi. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nikakaa kwenye kizingiti, nikaanza kumweleza. Nilimweleza siku duka lilivyofungwa, tajiri alivyotugawia vinyago badala ya mshahara, nilivyoshindwa kuingia navyo nyumbani nikaviacha msikitini nyuma ya matangi ya maji. Nilimweleza nilikuwa nakaa wapi asubuhi na nilikuwa nakula nini. Alikuwa anapeta mchele wakati wote huo. Nikinyamaza anasema, "Enhe," nami naendelea.

Adhana ya alasiri ikalia. Mzee wake akaondoka kwenda msikitini. Saada akaweka ungo chini.

"Utakaa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Sijui kama mzee ataniruhusu."

"Sikukuuliza hivyo."

Nikasema nitakaa.

Akaingia ndani akaniletea kata ya maji nitawadhe.

Mwanao,
Anuari